Fundi Minara Anajibu: Nani Ameshika Daftari?

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba Lebara, Equitel na wenzao, wanaouza laini zao juu ya mtandao wa kampuni nyingine, ni "kampuni za simu zisizo na minara". Niliwaita wapangaji, na wenye mtandao nikawaita wenye nyumba. Nilijiona nimepatia. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko nilivyozoea, na ya kwanza kabisa ilinivua kanzu hadharani. Naanza na hiyo, adhabu iishe mapema.

Shikamoo Fundi. Mimi ni mhasibu. Umetuambia kampuni hizi ni wapangaji kwa sababu hazina minara. Je, hao wenye nyumba wanayo? Tigo waliuza. Vodacom waliuza. Airtel waliuza. Kwa maelezo yako Tanzania haina kampuni ya simu hata moja. — Mhasibu, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Umenishika pabaya, maana mimi ndiye niliyekuwa juu ya chuma wakati kinauzwa. Tigo, ambao siku hizi ni Yas, walikubaliana na Helios Towers, kampuni ya kumiliki na kukodisha minara, mwaka 2010. Vodacom wakawauzia hao hao minara 1,149 mwaka 2013. Mauzo ya minara ya Airtel yalikamilika mwanzoni mwa 2022. Mimi nilipanda miaka kumi na tisa, na nembo ya fulana yangu ilibadilika mara mbili bila mnara kusogea hata inchi. Uzio, jenereta, kufuli la geti, vyote vikawa vya mtu mwingine, na kampuni tatu za simu zikatundika vifaa vyao kwenye chuma kimoja kama nguo kwenye kamba.

Kwa hiyo nafuta kauli. Mpangaji halisi ni yule asiye na *masafa*, yaani kile kipande cha mawimbi ambacho serikali imempa mtu kibali cha kukitumia, wala hana mitambo ya redio inayotundikwa juu kuyarusha. Hivyo viwili hukodi. Vingine vyote anaweza kuwa navyo au asiwe navyo, na hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Nikupe kisa. Mwaka wangu wa tatu kazini tuliitwa kwa redio ya upepo tukaambiwa mnara mmoja juu ya Lushoto umekufa, watu hawapigi wala hawapigiwi. Nikapanda mita arobaini na tano. Nyigu walikuwa wamejenga nyuma ya antena, nikaumwa mara tatu, na taa za mitambo zote zilikuwa kijani. Nikashuka, nikasema ni mzima. Bosi akasema rudi juu. Nikarudi. Saa tisa alasiri ndipo tulipoambiwa: Dar es Salaam, kompyuta yenye daftari la wateja ilikuwa imekwama. Minara ilikuwa hai, nchi nzima. Ilisikia kila simu ikibisha hodi, ila haikuwa na wa kumuuliza, "Huyu ni wetu?"

Siku ile nilijua, shingo ikiwa imevimba, kwamba kampuni ya simu ni daftari. Mimi na mnara wangu tulikuwa mlinzi wa geti tu.

Linavyofanya kazi ni hivi. Ndani ya laini yako mna namba ya siri ya tarakimu zisizozidi kumi na tano, ambayo siyo ile unayowapa watu. Tatu za mwanzo ni za nchi: Tanzania 640, Kenya 639, Uganda 641, Oman 422. Zinazofuata ni za kampuni, kisha wewe. Ukiwasha simu, inaunong'oneza mnara namba hiyo. Mnara haukujui. Unapeleka swali kwenye daftari: yupo? Ana salio? Anaruhusiwa kupiga nje? Bando lake limebaki kiasi gani? Jibu likirudi, unafunguliwa. Ndiyo maana ukivuka Namanga na laini ya Tanzania simu bado inaita. Mnara wa Kenya umeuliza daftari la kwenu.

Mpangaji aliyekamilika hufanya mchezo huo huo akiwa nyumbani kwake. Ana daftari lake, kadi zake, mitambo yake ya kuunganisha na kutoza, na anaazima mawimbi tu. Aliye chini yake anatumia daftari la mwenye nyumba, lakini bei, vifurushi na huduma kwa wateja ni vyake. Wa mwisho ni jina na rangi. Kila kitu cha mwenye nyumba, yeye kapachika kibao mlangoni. Wote watatu kwenye kioo cha simu wataonekana sawa, kwa kuwa jina unaloliona pale juu laweza kuwa limeandikwa kwenye kadi yenyewe. Usilitumie kama ushahidi.

Habari Mzee. Nilitoa laini kwenye simu ya zamani ya marehemu baba nikapata imebandikwa kitu chembamba kama karatasi, kina vidoti vya dhahabu pande zote mbili. Fundi wa mtaa anasema ni mdudu wa kunasa siri. Nikitupe? — Binti yake, Kisumu

Pole kwa baba. Usikitupe, kiweke na picha zake. Umeshika kipande cha historia ambacho wengi waliosoma magazeti ya mabishano yake hawakuwahi kukiona kwa macho.

Mwezi wa Aprili 2014 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa leseni kwa wapangaji watatu, wote wapande juu ya mtandao wa Airtel. Mmoja ulikuwa Finserve, kampuni ya Equity Bank, ndiyo iliyozaa Equitel. Benki ilikuwa na tatizo moja dogo: mteja wake tayari ana laini ya Safaricom, ina M-Pesa, na simu yake ina tundu moja. Nani atatoa laini ya M-Pesa ili aweke ya benki?

Jibu lao lilikuwa hicho unachokishika. Kilitengenezwa na Taisys wa Taiwan, unene wake kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Unakibandika juu ya laini uliyonayo, unairudisha kwenye simu, na simu ya tundu moja inakuwa na namba mbili.

Safaricom walipinga. Hoja yao, kwa lugha ya mtaani: kitu kimekaa katikati ya laini yetu na simu, kila kinachopita pale kinapita mikononi mwake, na namba ya siri ya M-Pesa ikiwemo. Mimi fundi sikuicheka hoja hiyo. Kweli kilikaa katikati. Lakini pia nilijua kuwa anayepiga kelele ndiye mwenye duka kubwa kuliko yote mtaani. Ukisikiliza ugomvi wa wenye maduka, sikiliza hoja, kisha angalia na saizi ya duka. Mamlaka ikaomba ushauri, ikasikiliza pande zote, na Septemba 2014 ikaruhusu kwa majaribio ya mwaka mmoja. Kwa hiyo mwambie fundi wa mtaa kwamba swali lake ni la heshima, limewahi kujadiliwa na wakubwa, ila jibu lake kalitoa haraka mno.

Na kwa nini benki ijihangaishe? Kwa sababu ile menyu inayotokea kwenye simu ya kitochi bila intaneti inakaa kwenye kadi, na mwenye kadi ndiye anayeamua iwe na nini. Benki iliyotegemea kadi ya mwingine ni kama muuza samaki anayepanga meza ndani ya duka la muuza samaki mwenzake. Isitoshe, Equity tayari walikuwa na daftari: majina, akaunti, nani anaweka, nani anakopa na kulipa. Walichokosa ni mawimbi, na mawimbi yanakodishwa.

Asalaam aleikum kaka. Nina laini mbili za kampuni mbili tofauti, makusudi, moja ikikata nyingine ishike. Wiki iliyopita zilikufa zote dakika ile ile, na mimi nasubiri simu ya wodini. Dakika arobaini. Ni bahati mbaya tu? — Mama wa Pacha, Leicester

Waaleikum salaam dada yangu. Sidhani ni bahati mbaya. Hukuzitaja kampuni, nami sitazikisia, lakini nashuku sana kwamba umepanga vyumba viwili katika nyumba moja, yaani laini zote mbili zinatumia mtandao mmoja. Paa likivuja, linavuja kote.

Huko Uingereza ndiko mambo haya yalikoanzia kwa jina kubwa. Virgin Mobile walifungua Novemba 1999 juu ya mtandao wa One2One, na tangu hapo wapangaji wamejaa hadi maduka ya vyakula yana laini. Lakini ukitoa mapambo yote, kwa miaka mingi nyumba zilikuwa nne tu: EE, O2, Vodafone na Three, na hao wawili wa mwisho waliungana mwaka 2025. Giffgaff na Tesco Mobile wako O2. Lebara na Voxi wako Vodafone. Smarty yuko Three. Mtu anaweza kubeba giffgaff mfuko huu na Tesco mfuko ule akajiona ana akiba, kumbe ana kitu kile kile mara mbili.

Fanya hivi. Fungua tovuti ya kila kampuni yako, tafuta wanapoeleza wanatumia mtandao wa nani. Huwa wanasema, ila kwa maandishi madogo. Kisha hamisha moja iende nyumba nyingine kabisa. Washa pia upigaji simu kupitia Wi-Fi ikiwa simu na laini yako vinaruhusu, ili siku mawimbi yakikatika intaneti ya nyumbani ibebe. Na jua kuwa 999 haijali mpangaji wala mwenye nyumba. Tangu 2009, mtandao wako ukikosekana, simu ya dharura huko hupita mtandao mwingine wowote ulio hewani hapo. Ila simu ya wodi haina bahati hiyo, na ndiyo uliyokuwa ukiisubiri.

Nawaombea pacha afya.

Jambo Papa Fundi. Niko natumika hapa Columbus kama dereva wa watu. Asubuhi sana intaneti inakimbia, magaribi inakufa, na misitari ya mtandao imejaa yote. Ndugu yangu ana simu ya kampuni kubwa, tuko gari moja, yake inatembea. Kampuni yangu inasema wako mnara moja. Wananidanganya? — Dereva, Ohio

Hawakudanganyi, papa, wamekuambia nusu. Mnara ni ule ule. Foleni ndiyo siyo ile ile.

Wewe umekulia Kongo, sijui kama hii mnayo, lakini kila aliyesoma Tanzania anaijua. Mwanafunzi na daladala. Gari likiwa tupu, konda anamwita mwanafunzi kwa jina zuri, apande, akae dirishani. Gari likijaa, mwanafunzi anasukumwa nyuma wapande kwanza wanaolipa nauli nzima. Gari moja, barabara moja, kituo kimoja. Katika mtandao wa kizazi cha nne, data ya kila mteja hupewa namba ya daraja. Mwenye 8 hupita kabla ya mwenye 9. Minara ikiwa na nafasi, namba hiyo haina maana yoyote, wote mnapaa. Saa kumi na moja jioni, kila mtu akiwa barabarani anatazama mpira, daraja linaanza kusema. Ile misitari unayoiona inapima nguvu ya mawimbi, haipimi urefu wa foleni.

Pima mwenyewe. Saa kumi alfajiri, halafu saa kumi na moja jioni, mahali pale pale. Ikikimbia alfajiri na kusota jioni, ni foleni. Ikisota saa zote mbili, huenda umemaliza kiwango cha kasi cha mwezi na wamekufunga breki. Hilo ni suala jingine na linaisha mwezi mpya. Kwa mtu ambaye riziki yake ni ramani ya simu, mimi ningelipia daraja. Kwa bibi wa nyumbani anayepiga simu mbili kwa siku, ningemwambia abaki na ya bei rahisi na ale tofauti.

Usishangae pia ukisikia huyo mpangaji wako kaolewa. Tracfone ilinunuliwa na Verizon mwaka 2021, na Mint Mobile wamekuwa mali ya T-Mobile tangu 2024. Harusi haimpandishi mtu daraja peke yake. Soma mkataba.

Shikamoo mjomba. Watoto wamenipa laini ya FRiENDi, jirani ana ya Renna. Hawa ni nani hasa, na kwa nini kampuni ndogo imuuzie mtu rahisi kuliko yule aliyejenga? — Bibi wa Ruwi, Muscat

Marahaba, ingawa nahisi shikamoo hii ingepaswa kutoka kwangu. FRiENDi na Renna zote zilianza mwaka 2009 juu ya mtandao wa Omantel, ni miongoni mwa wapangaji wa mwanzo katika Ghuba nzima. Nyumba kama hiyo hujengwa kwa watu wa aina zote; mpangaji huchagua kundi moja. Oman imejaa watu ambao mioyo yao iko nchi nyingine, na mtu wa hivyo ananunua dakika za nje kila Ijumaa bila kukosa. Mpangaji ananunua dakika kwa jumla, hana mitambo ya kukarabati, hana fundi wa kumlipa aumwe na nyigu. Na mwenye nyumba haumii: mawimbi yasiyotumika leo hayawekwi ghalani yakauzwa kesho.

Mzee wangu, nikifungua laini kwa mpangaji halafu akafilisika, namba yangu inakwenda naye? — Mwenye Mashaka, Mombasa

Hama kabla hajazima taa. Kenya mnaruhusiwa kuhama na namba yenu tangu 2011, sisi Tanzania tangu 2017. Ukingoja hadi daftari lizimwe, utaanza kubembeleza ofisi na ofisi.

Mjomba Fundi, shikamoo. Niko Tanga hapa hapa, nasimamia kikundi cha kuweka na kukopa, tuna wanachama 4,000. Nimesoma makala yako nikaona njia: tuwe na kampuni yetu ya simu. Laini zetu, rangi zetu. Nianzie wapi? — Kijana wa Chumbageni

Marahaba kijana. Nimeisoma barua yako mara mbili na chai ikapoa.

Nianze na kilicho upande wako. Tangu mfumo wa leseni wa 2005, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, hutenganisha leseni ya kujenga miundombinu na ile ya kumuuzia mteja huduma, kwa hiyo sheria haikulazimishi ujenge mnara ili uwe na mteja. La pili, ada ya kuunganisha simu. Mteja wako akimpigia wa mtandao mwingine, mtandao ule hulipwa kwa kila dakika. Kampuni ndogo simu zake karibu zote zinakwenda nje, kwa sababu ndugu wote wako nje. Mwaka 2018 ada hiyo ilikuwa shilingi 15.60 kwa dakika. Kufikia 2022 ilishushwa hadi shilingi 2. Zamani hiyo peke yake ingekunyonga.

Sasa hesabu. Hizi namba ni zangu za kupigia mfano, usiende nazo benki. Tuseme mwenye nyumba anakuuzia gigi moja kwa 1,500 nawe unauza 2,000. Kila mwanachama anatumia gigi tatu kwa mwezi. Gigi 12,000 mara shilingi 500, umebakiwa na milioni sita. Kutoka humo lipa leseni, kadi, mashine za alama za vidole za kusajili laini, vijana wa kupokea simu usiku mtu akisema bando limeibiwa, na kodi ya daftari, maana hutalijenga mwenyewe. Utalikodi kwa kampuni zinazofanya kazi hiyo kwa wapangaji wengi kwa pamoja. Milioni sita zimekwisha kabla hujaajiri mhasibu. Na hapo nimejifanya kwamba wote 4,000 watahama. Hawatahama. Mtu hamwachi mtandao wenye pesa zake za simu kwa sababu ya rangi.

Tazama Afrika Kusini, maana huko mfano umejileta wenyewe. Virgin Mobile waliingia 2006 juu ya mtandao wa Cell C, na jina lao linajulikana dunia nzima. Walifunga 2021. Mwaka uliofuata benki ya Capitec ikaanzisha Capitec Connect juu ya Cell C huyo huyo, ikauza data isiyoisha muda, ndani ya programu ya benki ambayo wateja tayari walikuwa nayo mkononi. Leo ina watumiaji zaidi ya milioni moja. Mwenye nyumba mmoja, mawimbi yale yale. Virgin walikuja na jina, wakaanza kutafuta watu. Capitec walikuja na watu.

Hata ufalme wa Buganda, huko Uganda, walilijaribu hili na K2 Telecom mwaka 2013, wakitegemea kwamba anayemheshimu Kabaka atabeba na laini yake. Nilimwona mtu wa Masaka hapa Tanga akiionesha kwa fahari, lakini ya kupigia ilikuwa mfuko mwingine.

Wewe huna jina, sawa. Una daftari. Wanachama 4,000, unajua nani anaweka kila Jumamosi, nani alifiwa, nani anakopa mwezi wa Januari kwa ada ya shule. Kampuni kubwa haina hilo. Kwa hiyo mimi nisingeanza na leseni. Ningekwenda kwa kampuni mojawapo kama mnunuzi wa jumla, kikundi kinunue vifurushi kwa pamoja kwa bei ya punguzo, kigawe kwa wanachama, na gharama ikatwe kwenye gawio. Fanya mwaka mmoja. Andika kila gigi: nani alinunua, lini, alilipa kwa nini. Ukiona wanachama 4,000 wamekuwa 40,000 na bado unajua nani kafiwa, hapo mwenye nyumba atakutafuta yeye.

Mimi nipo dukani Ngamiani kila siku isipokuwa Ijumaa mchana. Njoo na hilo daftari, usije na michoro ya rangi.